Mwaka Aliokuja Esinati

Mwezi uliopita tulimzika Babu, na kwa kuwa mimi ndiye mjukuu anayesemekana anajua kuandika, nilipewa kazi ya kutayarisha wasifu wake wa kusomwa kanisani. Mchungaji, kijana mpole wa rika la mwanangu, aliniomba nisizidishe nusu ukurasa. Niliandika kwamba alizaliwa kando ya ziwa, mbali ng'ambo ya Tanzania, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Nyasa. Kwamba alikuja Nairobi akiwa kijana, akawa mwokaji mikate katikati ya jiji mpaka alipostaafu. Kwamba alimwoa Susu, bibi yetu Mkamba, wakazaa na kulea. Kwamba alikuwa amepita miaka mia, ingawa hakuna aliyejua kwa kiasi gani. Nilipomaliza kusoma watu waliitikia amina, kwaya ikaimba, nami nikarudi kuketi nikihisi kama nimesoma habari za mtu mwingine kabisa. Mtu akiniuliza leo Babu alikuwa nani, sitamwambia mambo ya kuzaliwa wala ya kustaafu. Nitamsimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa naye Kangemi nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka aliokuja Esinati.

Susu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wa Babu hawakutaka alale peke yake, na mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kujifunza kupiga chapa katika chuo kidogo mjini, ghorofani juu ya maduka ya redio ya barabara ya Luthuli. Basi nikafungiwa sanduku langu na kupelekwa Kangemi. Babu alikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, vya mwisho katika ploti ya mabati nyuma ya soko. Hakukuwa na mlango kati ya vyumba hivyo, pazia tu la maua ya kijani ambalo Susu alilishona mwenyewe, kwa hiyo kila lililosemwa upande wake nililisikia upande wangu, nipende nisipende. Kitanda chake kilikuwa cha chuma. Leso mbili za Susu zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyethubutu kuziondoa. Meza ilinuka hamira hata ukiisugua kwa sabuni, na uani, karibu na bomba la ploti, palikuwa na jiko lake la pipa lililolazwa na kujengewa udongo. Hakuwa na mwajiri tena, lakini mwili wake haukuwa umepewa habari hizo. Kila alfajiri aliamka, akakanda unga, akawasha makaa, na kabla sijaosha uso skonzi za kwanza zilikuwa zimeshatoka, zimeng'aa mgongoni kama viatu vipya.

Nyingine alimpa Mama Shiru, jirani yetu, auze pamoja na sukuma wiki yake kwenye kibanda kando ya Waiyaki Way. Jumamosi tulivuka barabara na kapu, yeye na mimi, tukapanda Loresho kuwapelekea wateja wake wa zamani. Nilizipenda Jumamosi hizo. Hatua chache tu kutoka kelele za soko na unajikuta kati ya nyua ndefu za michongoma na ndege wanaolia kana kwamba wanalipwa. Babu alitembea katikati ya njia, mikono nyuma, kofia imekaa sawasawa, akiwasalimu walinzi wa malangoni mmoja mmoja kwa majina. Wao walimwita Mzee Mnyasa. Wote walimwita hivyo, hata watoto wa ploti, naye aliitika. Lakini kuhusu huko Nyasa kwenyewe hakusema lolote. Sisi wajukuu tulijua neno moja tu la kwao, zikomo, asante, ambalo alilisema kila alipomaliza kula. Nilipomuuliza mengine alitikisa kichwa. "Lugha ni kama hamira, Ndinda," alisema. "Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, siku utakayoihitaji haiumui kitu." Akacheka, lakini aliangalia pembeni.

Na neno hilo moja ndilo lililomponza. Madereva wa malori ya masafa marefu, wakielekea Uganda, walikuwa na desturi ya kusimama pale kwa Mama Shiru kununua kitu cha kutafuna. Asubuhi moja tulikuwa tunampelekea skonzi zake, na dereva mmoja, mwanamume mnene mwenye kofia ya Kiislamu, akapokea mfuko wake na kusema bila kufikiri, "Zikomo." Babu alisimama palepale. Nilidhani ameumwa.

"Kijana, wewe umetoka wapi?"

"Malawi, mzee wangu."

"Malawi upande gani?"

"Kule ziwani. Nkhotakota."

Babu akataja jina la kijiji, polepole, kama mtu anayejaribu jino linalouma. Dereva yule, ambaye jina lake lilikuwa Saidi, alifungua macho. Alisema anakijua, mama mkwe wake ametoka kijiji cha pili yake. Akauliza jina la Babu na la mama yake Babu. Babu alimtajia yote mawili, halafu akashtuka, akainua mkono. "Lakini usiulize. Umenisikia? Ukifika huko usimuulize mtu."

"Mzee, mimi ni dereva," Saidi alisema. "Mdomo wangu hauna breki."

Alirudi baada ya wiki kadhaa, safari hii mpaka kwenye ploti, alasiri, mimi nikiwa ndiyo nimefika kutoka chuoni. Niliwapikia chai nikaenda kuketi upande wangu wa pazia na kazi yangu ya kushona mkononi, na sindano haikusogea.

"Nimeuliza, mzee."

"Nilikuambia usiulize."

"Dada yako yuko hai."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Mtoto alikuwa akichota maji uani. "Yupi?" Babu aliuliza.

"Esinati. Mkubwa wako. Wengine wote walishatangulia." Saidi alishusha sauti, lakini pazia ni pazia. "Mzee, huko kwenu wewe ulishazikwa. Walikungoja, wakakungoja, wakaona haifai mtu kuachwa akizurura bila kulala. Wakachimba, wakazika mkeka wako na shati. Kaburi lipo, nimeonyeshwa. Watu walinyoa, wakakaa matanga. Ila yeye Esinati alikataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajakufa. Waligombana naye sana."

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, Babu aliunguza skonzi. Aliziangalia, zote nyeusi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza mimi jambo ambalo sidhani aliwahi kumweleza Susu. Kwamba alipoondoka kwao hakumuaga mtu. Alikuwa kijana, vijana wenzake walikuwa wanaondoka kwenda kutafuta kazi, na alijua akimwambia mama yake atalia, na mama yake akilia hataweza kuondoka. Basi alingoja mama na dada yake waende ziwani kuchota maji, akachukua blanketi lake akatoka. Alisikia Esinati akicheka huko chini kando ya maji. Alipanga kukaa miaka miwili. Lakini kila mwaka ulipoisha aliona haya zaidi ya mwaka uliotangulia, kwani arudi aseme nini? Kisha akasikia kwa watu kwamba mama amekufa, na hapo haya ikawa ukuta. "Unaona ulimi wangu ulivyo?" aliniambia. "Hakuna aliyenikataza kusema lugha yetu. Kila nikisema neno nilikuwa nasikia kicheko kile. Nikaacha."

Niliokota skonzi moja iliyoungua, nikaikwangua kwa kisu, nikala. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema hata Susu asingekula hiyo.

Saidi hakumwomba mtu ruhusa. Siku moja ya baridi, wakati ule ambapo Nairobi haioni jua juma zima, lori lake lilisimama kando ya soko, na kwenye kiti cha mbele, miguu ikining'inia bila kufika chini, alikuwa ameketi bibi mmoja mdogo, mweusi, amejifunga kitambaa chekundu kichwani na kupakata gunia mapajani. Alikuwa ameivuka Tanzania yote hivyo. Mama Shiru alikuja mbio uani akipiga kelele, "Mzee Mnyasa! Mzee Mnyasa! Kuna mtu yako amekuja!" Babu alitoka akiwa na unga mpaka viwikoni.

Sijui nilitarajia nini. Labda kwamba wangekumbatiana. Bibi yule aliteremshwa, akaliweka gunia chini, akamzunguka Babu mzima kama mtu anayenunua ng'ombe, halafu akampiga kofi la bega, kofi la kweli, unga ukapaa. "Wakalamba, iwe!" alisema. Umezeeka, wewe! Hilo hata sisi tulilielewa kwa jinsi alivyolisema. Kisha maneno yakamtoka mfululizo, marefu, huku machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali, na alipomaliza akangoja jibu. Babu alifungua mdomo. Mwishowe alisema, kwa Kiswahili, "Karibu, dada. Karibu nyumbani."

Esinati alimgeukia Saidi akamuuliza kitu. Saidi alikuwa anaangalia chini. "Anauliza," alituambia, "kaka yake amesema nini."

Hapo ndipo nilipomwona Babu akilia. Alisimama katikati ya ploti, mbele ya wapangaji wote, mikono yake myeupe kwa unga imening'inia, akalia kama mtoto aliyepotea. Na dada yake, ambaye alimfikia kifuani tu, alimshika mkono akamwingiza ndani kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Alilala upande wangu, kitanda kimoja nami, na kwa majuma yaliyofuata nyumba ile haikuwa yetu tena. Gunia lilikuwa la usipa, visamaki vidogo vilivyokaushwa, ndugu za omena, na harufu yake iliingia kwenye pazia, kwenye nguo zangu za chuo na kwenye unga. Ugali wetu aliuonja siku ya kwanza akauweka pembeni kwa upole, kama unavyoweka pembeni kitu cha mgonjwa. Kesho yake alininyang'anya mwiko. Wake ulikuwa laini, unateleza, anauteka kwa kijiko cha mti na kuupanga sahanini tabaka kwa tabaka. Babu alitia tonge la kwanza mdomoni akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka alipomeza. Tulimwita Agogo, bibi, maana Saidi alitufundisha kabla hajaendelea na safari yake. Mama Shiru alimpenda toka siku ya kwanza. Waliketi pamoja kibandani wakichambua sukuma wiki, mmoja akisema Kikuyu na mwingine Kichewa, wakicheka mahali pamoja. "Huyu mama ni wa kwetu tu," Mama Shiru aliniambia. "Alipotea njia akazaliwa huko."

Lakini kaka na dada walikuwa na kazi ngumu zaidi. Nilikuwa naamka alfajiri nikiwasikia uani kando ya jiko. Esinati alikuwa akionyesha kitu, anakitaja, na Babu anataja cha kwake. "Moto," alisema Esinati. "Moto!" alisema Babu, kwa furaha, kama mtu aliyepata sarafu kwenye koti la zamani. "Nyumba." "Nyumba!" "Mvula." "Mvua." "Njala." "Njaa!" Yale yaliyolingana waliyachekelea, na yale yasiyolingana Esinati aliyarudia mara mbili, tatu, kwa sauti ile ile aliyotumia, naamini, alipokuwa akimfundisha kutembea, kwani yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Asubuhi moja aligusa kifua chake akasema, "Mtima." Babu akagusa chake akasema, "Moyo." Esinati akatikisa kichwa. Hapana, moyo ni kitu kingine. Alimshika Babu kifundo cha mkono, pale damu inapodunda, akamwonyesha. Moyo ndiyo huku kupumua, huku kuwa hai. Kisha akageuka akaniona nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, akamnyooshea kaka yake kidole. "Ali moyo," aliniambia. Yuko hai. Alilisema kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulimpeleka mjini siku moja, Babu na mimi, kumnunulia viatu. Aliyaangalia majumba marefu bila kushangaa sana. Kilichomshangaza ni kwamba watu wote walikuwa wanakimbia na hakuna aliyekuwa anafukuzwa. Babu alitaka kumwonyesha mahali alipofanyia kazi maisha yake yote, lakini tulipofika tulikuta duka la vitambaa, mikate haipo. Alimwelekeza kwa mikono: hapa tanuri, hapa meza, hapa nilikuwa nasimama. Esinati aliingia ndani akapita kati ya majora ya vitambaa mpaka pale alipoonyeshwa, akasimama hapo kidogo mahali pa kaka yake, mwenye duka akimtazama. Alipotoka alisema maneno machache. Babu alikuwa ameanza kuelewa, nilimwona akielewa. "Anasema alikuwa anajiuliza," alinitafsiria polepole, "kila siku, saa hizi Yohane amesimama wapi. Anasema sasa amepajua."

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Esinati amekuja kumchukua Babu ampeleke kwao, nilikuwa upande wake kabla sijajua kuna pande. Watoto wa Babu hawakuwa. Walikuja Jumapili moja baada ya kanisa, mama yangu na Mjomba Kioko, na mjomba alikuwa amepitia machinjioni Dagoretti akaja na mguu wa mbuzi, kwa kuwa yeye aliamini hakuna neno gumu lisilopunguzwa na nyama. Saidi alikuwepo pia, anapita kurudi kwao, na ndiye aliyekuwa mkalimani. Tulibanana chumbani, wengine kitandani, wengine kwenye masanduku, mvuke wa mchuzi umejaza madirisha.

"Sisi tunamheshimu shangazi," Mjomba Kioko alianza. "Lakini mzee wetu amepita miaka sabini. Kifua yake ni mbaya. Akishikwa na homa huko porini, ni nani atamrudisha?"

Saidi alitafsiri, akaacha neno porini. Niligundua kwa ufupi wake. Esinati alijibu. "Anasema atamrudisha yeye mwenyewe."

"Yeye? Na umri huo?"

"Anasema alikuja, sivyo?"

Mama yangu hakuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kwa sauti ndogo. "Baba, tumemzika Mama juzi tu. Na wewe ukifia huko?"

Babu alikuwa anatafuta nyama kwenye meno kwa kijiti. Alikitoa. "Mwende, huko mimi nilishakufa," alisema. "Mtu hafi mara mbili mahali pamoja." Wote tulicheka, hata mjomba, kisha mama yangu akaanza kulia, na Esinati akainuka pale alipokuwa, akaja akaketi karibu naye, akamlaza kichwa mapajani pake kama mtoto mdogo. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Mama alikaa hapo mpaka chai ilipokwisha. Nadhani ndiyo ilikuwa ruhusa.

Pasi ya kusafiria ilichukua muda, ikapatikana. Waliondoka mwezi wa nane. Nilimkunjia Babu koti lake la kanisani, yeye akaweka juu yake leso moja ya Susu aliyoitoa msumarini, na nyingine akaniachia. Mbele ya lori la Saidi waliketi wawili, mmoja miguu inafika chini na mwingine haifiki. Babu alisema atakaa mwezi mmoja.

Mwezi ulipita, na wa pili. Niliendelea kuishi pale, nikienda chuoni, na Jumamosi nikioka, kwa kuwa sikuweza kuvumilia kuliona jiko limepoa. Skonzi zangu zilikuwa ngumu; mlinzi mmoja wa Loresho aliniuliza kwa adabu kama ni za kula au za kujikinga na mbwa. Mama Shiru aliziuza hata hivyo, sijui kwa uongo gani. Saidi alipopita aliniletea habari: mzee yuko, amenona, anavua samaki na vijana. Niliifurahia habari hiyo mchana, na jioni nikaimeza kwa shida. Safari iliyofuata alileta nyingine. "Mzee anajenga," alisema.

"Anajenga nini?"

"Sijui. Nilipita mbio tu. Nimemwona na matofali."

Mtu mzee hajengi mahali anapopita. Mjomba Kioko alisema tusijidanganye, mzee amerudi kwao, vyumba virudishwe kwa mwenye ploti na vitu vipelekwe Machakos. Mimi nilikataa. Sikuwa na hoja yoyote ya maana, nilisema tu kwamba nina mitihani, na kwamba nani atampa Mama Shiru skonzi. Lakini nikiwa peke yangu nilianza kumkasirikia Babu, hasira ya kitoto, kwa kuwa alikuwa amefanya tena kitu kile kile; alituacha sisi na kapu letu, na hakusema.

Alirudi wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, asubuhi, nikiwa nimeinama kwenye jiko natia makaa. Nilisikia mtu akisalimu kwa Kichewa nyuma yangu. Sentensi nzima, ndefu, laini, bila kutafuta neno. Niligeuka, na alikuwa Babu, mweusi zaidi, mwembamba zaidi, koti la kanisani limelowa mabegani. Aligundua amenisemesha lugha gani akajishika mdomo. "Imerudi," alisema. "Ndinda, imerudi, sasa hainiachi hata nikilala."

Nilimkalisha, nikamvua viatu, nikampa chai na skonzi zangu ngumu, naye akazichovya bila kulalamika. Nilimuuliza yale matofali. Alikuwa amejenga tanuri. Alitaka Esinati awe na mahali pa kuoka, na kwa kuwa kijiji kizima kilitaka kuonja, ilibidi liwe kubwa, na kwa kuwa lilikuwa kubwa, mvua ya kwanza ikaliangusha, akajenga upya. Alionyeshwa kaburi lake. Wazee wa pale walitaka lifukuliwe na kusawazishwa, si vizuri mtu hai kuwa na kaburi, lakini Esinati aliwaambia waliache, ardhi nzuri isipotee bure, atalala humo yeye siku yake ikifika. Na ndivyo ilivyokuwa baadaye. Watoto wa kule walimwita Mkenya. Alinisimulia hilo kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani.

"Sasa mbona umerudi?" niliuliza. Niliuliza vibaya, kwa sauti ya ile hasira yangu, na nilipoisikia nilitaka kuirudisha.

Hakuona vibaya. Alisema ni Esinati aliyemfukuza. Alikuwa akimwona kila asubuhi akisimama uani akiangalia upande wa kaskazini, na siku moja akamwambia: inatosha, una watoto kule. Babu alimjibu kwamba anaweza kubaki, kwamba amekuwa mbali vya kutosha. Naye akamwambia hakuvuka nchi yote ile ili amrudishe abaki. Alikuja kumchukua kwa sababu ile mara ya kwanza aliibiwa kitu. Yeye na mama yao walipanda kutoka ziwani na mitungi kichwani wakakuta mlango uko wazi, blanketi halipo, na toka siku hiyo hadi mama anakufa kilichowauma ni kwamba hawakumsindikiza. Mama aliwaza juu ya hilo kuliko alivyowaza juu ya kifo. Mtu wetu ameenda bila maji ya njiani, alikuwa akisema, bila mtu wa kumbebea mzigo hata mpaka barabarani.

"Basi akanipikia," Babu alisema. "Akanifungia samaki. Akaubeba mzigo wangu kichwani, akakataa nisiuguse, mwanamke mzee vile. Tukapita njia ile ile niliyopita mimi nikikimbia, ila sasa tunakwenda polepole, na kila nyumba tuliyopita anaita watu watoke: njooni, Yohane anaondoka, njooni mmuage. Wakatoka, Ndinda. Watu nisiowajua wakatoka, wakanipa mikono. Mpaka barabarani. Lori likaja. Nikamwambia tsalani bwino, bakini vyema, lile neno la mtu anayekwenda. Akanijibu pita bwino, nenda salama. Hakulia. Aliniambia atalia akifika nyumbani, kwa nafasi yake."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati tena, na Babu alingoja ipungue ili asilazimike kupaza sauti. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini mbele yake, ingawa hakuna aliyejua. Angeoka karibu yote hiyo, angewaona watoto wangu na wa mjomba, angetuchosha na kutuchekesha kwa lugha mbili. Lakini nikimkumbuka namkumbuka pale, soksi zake zikitoa mvuke kando ya makaa, anatazama mikono yake.

"Miaka yote hiyo nilidhani nimehama," alisema. "Kumbe nilikuwa nimetoroka tu. Nimehama juzi."